Huruma ivae kwanza

Pakiti ya chumvi, ukiikata juu kwa mkasi badala ya kuirarua kwa meno, inameza kiganja cha mwanamume mzima. Hilo sikulijua mpaka dereva mmoja wa bodaboda wa Kitahana, wilayani Kibondo, mkoani Kigoma, alipoinua kiti cha pikipiki yake kutafuta spana. Pembeni ya tambara la kufutia mafuta palikuwa na kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Ndani yake mlikuwa na pakiti nne za chumvi zilizooshwa, zikakaushwa na kukunjwa kwa unadhifu wa vitambaa vya altare, pamoja na kipande cha sabuni ya mche na kitambaa cha pamba.

Nikamuuliza chumvi yenyewe iko wapi.

"Imeliwa," akasema. "Hizo ni glovu. Muulize mama."

Mama anayesemwa ni muuguzi mstaafu ambaye kijiweni hapo hana jina jingine zaidi ya Mama Nesi, na ameomba gazetini lisiongezwe. Hakuna ofisi iliyomtuma wala posho anayolipwa. Hupita jioni akitoka sokoni, huketi kwenye benchi la mbao wanapongojea abiria, na mmoja wa vijana hujikuta ameombwa anyooshe mikono.

Mwenyeji wa nyanda hizi hahitaji kuelezwa habari za barabara. Njia ya kutoka Nyakanazi kupitia Kakonko, Kibondo na Kasulu hadi Kigoma ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika kwa miaka mingi. Mradi wa Kabingo hadi Manyovu kupitia Kasulu, wa kilomita 260 na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ukaleta lami, nayo lami ikaleta mwendo. Anayeanguka sasa huanguka akiwa kasi. Wa kwanza kumfikia ni dereva wa bodaboda, mama mwenye jembe begani, au mwanafunzi anayerudi nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa hata Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba: wavuvi walitangulia, na watu 24 kati ya 43 wakatoka hai.

Taifa liliusifu ushujaa wa wavuvi wale, na walistahili. Ila kinachomsumbua Mama Nesi ni mikono ya shujaa. Inagusa nini, imevaa nini, na baada ya hapo inakwenda wapi?

Alianza kazi Kibondo zama ambazo wakimbizi wa Burundi walimiminika kufuatia kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993. Glovu zilikuwa chache, na zilizokuwapo hazikutupwa. Zilioshwa, zikajazwa hewa na kuzamishwa majini kutafuta tundu, zikaanikwa, zikapakwa poda na kurudi kuchemshwa kwa mvuke. Wauguzi wa rika lake wanaijua kazi hiyo kwa vidole. Leo glovu ya hospitali hutumika mara moja ikatupwa, na ndivyo inavyopaswa, lakini ujuzi wa kutafuta tundu haukustaafu pamoja naye.

Zamani somo lake la barabarani lilikuwa fupi: ingiza mkono kwenye mfuko wa rambo. Ni ushauri wa kawaida wa huduma ya kwanza pale glovu zinapokosekana. Kisha, kuanzia Juni 1, 2019, Serikali ikapiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na kanuni zikaweka faini ya kuanzia shilingi 30,000 kwa atakayekutwa nayo. Hakuna anayelililia rambo; mbuzi waliokufa nalo tumboni wanatosha kuwa mashahidi. Lakini mfuko mbadala uliochukua nafasi yake hubeba nyanya tu. Damu huupenya papo hapo.

Akaanza kutafuta mrithi jikoni. Mfuko wa mkate ni mwepesi mno, hupasuka kwenye ukucha. Mfuko wa mbolea au wa mbegu zilizotiwa dawa ameukataza kabisa, kwa sababu hautibu mtu bali humuongezea sumu. Kinailoni cha sukari ya kupimwa dukani kilikuwa kifupi. Ikabaki chumvi, ambayo mkoa huu wenye Uvinza hauwezi kuikosa. Plastiki yake ni nene, na kila nyumba inayopika ina pakiti inayokwisha. Vijana walipoingiwa na hofu ya mgambo, aliwajibu kwa lugha ya kanuni zenyewe: "Hilo si rambo, ni kifungashio cha chakula. Sheria naijua."

Maelekezo yanayofuata ni yake, na anayatoa bila haraka. Pakiti ioshwe kwa sabuni ndani na nje, maana masalia ya chumvi yataunguza mikwaruzo ya mkono wako mwenyewe. Ikaushwe kivulini, kwa kuwa jua huikakamaza plastiki ikaja kupasuka siku ya kazi. Ikikauka, ipepee hewani ijae upepo, isokote mdomo wake, izamishe kwenye ndoo na uibinye. Ikitoa povu, ni ya kutupa. Kupuliza kwa mdomo amekataza. Kucha ziwe fupi. Kama zinatosha, vaa mbili mbili kila mkono, kisha uzifunge juu ya kifundo kwa mpira, usikaze.

Ukishavaa, kazi ni kukandamiza. Kitambaa safi kilichokunjwa kiwekwe juu ya jeraha na kubanwa kwa kiganja, bila kufunua kila mara kuchungulia. Kikilowa, ongeza kingine juu yake. Ukikiondoa cha chini, unaondoa na damu iliyokwisha kuganda. Petroli, majivu na unga wa kahawa vibaki vinakotumika siku zote. "Kidonda hakihitaji viungo," anasema, na vijana hucheka kila mara.

Hawacheki wanapofika kwenye kuvua. Hapo ndipo watu hujiambukiza, anasema, kwa sababu hatari wanaiona imepita. Anafundisha kwa tope jekundu la Kibondo badala ya damu, ili kosa lionekane kwenye ngozi. Bana pakiti ya mkono wa kushoto kwa nje, karibu na mpira. Ivute igeuke ndani nje huku ukiikusanya kwenye ngumi ya kulia. Sasa ingiza kidole kitupu chini ya ukingo wa pakiti ya kulia, upande wa ndani ambao haukugusa kitu, uivue ikiimeza ile ya kwanza. Unabaki na kifundo kimoja, uchafu wote tumboni mwake. Kifungwe na kutumbukizwa kwenye shimo la choo. Hakirudi chini ya kiti. Kisha maji na sabuni, hadi kwenye kucha.

Jioni niliyokuwapo, kijana mmoja alivaa vizuri, akakandamiza vizuri, kisha simu ikaita. Akaitoa mfukoni kwa mkono uleule wenye tope, akaipeleka sikioni.

"Umeokoa mtu, baba," Mama Nesi akamwambia, "sasa damu yake unampelekea mkeo."

Ngozi nzima isiyo na jeraha ni ukuta mzuri dhidi ya virusi vya UKIMWI, na analirudia hilo ili hofu isije ikamzuia mtu kusaidia. Lakini mikono ya bodaboda na ya mkulima ni nadra kuwa mizima. Homa ya ini aina ya B huambukiza kwa damu kirahisi kuliko UKIMWI, na virusi vyake huweza kuishi nje ya mwili siku saba. Chanjo yake iliingia kwenye mpango wa watoto nchini mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata katika mpango huo. Damu ikiingia machoni, suuza kwa maji safi mengi. Ikiingia kwenye jeraha lako, osha kwa sabuni uende kituo cha afya siku hiyohiyo, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya UKIMWI baada ya tukio huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28.

Yote hayo vijana wameyapokea. Walichokibishia ni kingine, na ndicho kilichonifanya nirudi kumsikiliza zaidi.

"Mama, mtu analia chini, mimi navaa mifuko?" mmoja aliuliza. "Watasema nina kinyaa."

Katika Buha, nchi ya Waha, salamu ni ndefu na haikamiliki bila mikono. Kumsogelea jirani ukiwa umefunika mkono, tena saa ya shida yake, kunaweza kusomeka kama tusi. Mama Nesi hakuupuuza wasiwasi huo. Amewafundisha kusema huku wanavaa: pole ndugu yangu, navaa ili nikushike vizuri. Anataka sauti ifike kabla ya mkono. "Huyo unayemwogopea maambukizi naye anakuogopea wewe," aliwaambia. "Mikono yako imetoka kwenye mnyororo wa pikipiki. Unavaa kwa ajili yake pia."

Nadhani hapo ndipo penye uzito wa somo zima. Tumelelewa kuiona huruma kuwa ni kujitupa, na anayesimama kidogo kujikinga tunamhesabu mbinafsi. Mwanamke huyu anahubiri huruma inayojipanga kwanza, kwa kuwa msaidizi akiugua, kesho kijiji kina wagonjwa wawili na msaidizi hakuna.

Si nadharia. Januari 20, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwapo kwa ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, na Nyakanazi, njiapanda ya kuingilia Kigoma, iko katika wilaya hiyohiyo. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha Machi 13, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 10, wawili waliothibitishwa kwa vipimo na wanane waliodhaniwa. Wote walifariki. Miaka miwili nyuma, ugonjwa huo ulipotokea wilayani Bukoba, wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa.

Kwa hiyo Mama Nesi ana kanuni moja ambayo pakiti ya chumvi haihusiki nayo. "Damu ya ajali ina sababu unayoiona: pikipiki imelala pale, panga lile pale. Damu isiyo na sababu, na mtu ana homa, anatapika, rudi nyuma. Usimguse. Piga 199, mwite mtoa huduma." Pakiti ni ya majeraha, anasisitiza, na atakayejidanganya kuwa ni vazi la Marburg atakufa nayo mkononi.

Lipo swali ambalo hakulimaliza. Majeruhi wengi hapa husafirishwa kwa mshikaki: dereva mbele, majeruhi katikati, mtu wa kumshikilia nyuma. Damu humwagikia migongo na mapaja, wala si viganja pekee, na shingo iliyoteguka hutikiswa njia nzima. Namba 115 ya mpango wa m-mama huwaletea usafiri wajawazito na watoto wachanga. Aliyegongwa barabarani si wao. Mama Nesi anajua mshikaki ni hatari. Anajua pia kwamba mtu anayevuja damu hawezi kungojea gari ambalo halijulikani litatoka wapi. Nilipomuuliza anawaambia nini vijana, alinyamaza kidogo, akasema ajali hazifanani.

Swali lingine ni la mtoa huduma mwenyewe. Januari 31, 2024, Makamu wa Rais wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, mzaliwa wa Buhigwe mkoani humu, alizindua mpango wa watoa huduma za afya ngazi ya jamii, ukilenga kuwafikisha 137,294 katika miaka mitano. Ni hatua kubwa. Bado mtoa huduma ataitwa, na wa kuita atakuwa amekwisha kuchafuka mikono.

Pendekezo la Mama Nesi ni dogo: trafiki anapokagua kofia ngumu, ainue na kiti, aangalie kama kuna kitu cha kuvaa mkononi. Alilitoa palepale kijiweni, akitarajia kuungwa mkono.

"Hapana, mama," akasema yule kijana wa simu, na safari hii wenzake wote walikuwa upande wake. "Ukishawaambia trafiki, litakuwa kosa jingine la kutulipisha. Tuachie tubebe wenyewe."

Akauliza ni wangapi wanabeba wenyewe kwa hiari. Viti vikainuliwa kimoja kimoja. Vingine vilikuwa na kifurushi, vingine vilikuwa na spana tu, na mabishano yakaanza upya.