Ulimi Kazini

Yakobo katika sura ya 3 ya waraka wake aufananisha ulimi na usukani, kitu kidogo kigeuzacho merikebu kubwa. Neno hilo nililifundisha miaka mingi kabla ya kulishika.

Asubuhi moja mwalimu mwenzangu alichelewa. Nikamkaripia mbele ya watoto, wala sikumwuliza sababu. Kumbe, alikuwa amekesha na mwanawe mgonjwa! Kesho yake watoto hawakumwamkia kwa heshima. Nilimwomba radhi faraghani, lakini heshima yake nilikuwa nimeivunja hadharani. Basi nikatubu mbele ya watoto wale wale.

Sasa hasira inipandapo kazini, mimi husali kimya kwanza, kisha huuliza kabla ya kuhukumu. Nanyi walimu na wazazi, fanyeni vivyo. Watoto watusikiao leo ndio watakaosema kama sisi.