Kituo cha Reli Kilichowapokea Wageni

Kituo kikuu cha reli cha mji wa München, Ujerumani, kilifunguliwa mwaka 1849, kikaharibiwa vibaya kwa mabomu ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kisha kikajengwa upya.

Mwaka 1961 Ujerumani Magharibi ilitiliana saini na Uturuki mkataba wa kuajiri wafanyakazi. Tangu hapo Waturuki, wengi wao Waislamu, walishuka kituoni hapo katika jukwaa namba 11. Chini ya jukwaa lilikuwapo handaki la tangu vitani. Humo walipewa chakula, kisha wakapelekwa katika miji yenye viwanda. Mwanzoni waliruhusiwa kukaa miaka miwili tu, bila ya familia. Lakini wengi walibaki, wakawaleta wake na watoto wao, wakaanzisha misikiti.

Septemba 2015 kituo hicho hicho kiliwapokea maelfu ya wakimbizi, wengi kutoka Syria. Wenyeji waliwangoja kwa maji, chakula na nguo.

Nasi tunajua kuwa Qur'ani imemtaja msafiri miongoni mwa wanaostahiki zaka. Basi na tujiulize pamoja na watoto wetu: mgeni ashukapo katika mji wetu, hutukuta tunamngoja na nini?