Cheti cha ndoa na kipimo cha siku ya kumi

Kijana mmoja wa hapa Bagamoyo alinisubiri nje ya msikiti baada ya Isha, akanivuta pembeni. Mkononi ana cheti cha upimaji: hana VVU. Ndoa ni wiki mbili zijazo na imamu ameshakiona cheti, karidhika. "Daktari, nikiamini?" Nikamuuliza tarehe aliyopima, na tarehe ya lile jambo linalomnyima usingizi. Baina yake zilikuwa siku kumi tu.

Kipimo hakikukosea. Vipimo vingi vya haraka, vile vya kutoboa kidole, havitafuti virusi vyenyewe. Vinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kuvamiwa. Askari hao hawaonekani siku ile ile. Kwa watu wengi huchukua wiki tatu hadi sita, kwa wachache hadi miezi mitatu. Muda huo ndio kipindi cha dirisha. Na hapo ndipo pa hatari, kwa kuwa katika wiki hizo za mwanzo virusi huwa vingi mno katika damu. Cheti kinasema hana, naye anaweza kuambukiza kuliko baadaye.

Kwa hiyo majibu ya siku ya kumi hayakutoshi. Ya wiki sita yanatuliza moyo kwa kiasi kikubwa. Ya miezi mitatu tangu tukio, bila tukio jingine katikati, hayo yaamini. Wala usijipime kwa dalili. Homa na koo kuuma huku pwani vina sababu mia. Aliye ndani ya saa 72 asisubiri dirisha, awahi hospitali apewe dawa za kinga za siku 28. Huyu kijana alikuwa amekwisha kuchelewa.

Julai 2007 Rais Kikwete, mzaliwa wa Msoga, alipima hadharani pamoja na mkewe, na upimaji ukapata heshima. Lakini baadhi yetu tumekifanya cheti kama cha kuzaliwa, kikitolewa mara moja basi. Masheikh wanaofungisha ndoa wasitazame neno "hana" peke yake, watazame na tarehe, kisha wawashauri wote wawili warudie.

Aliniuliza atawaambia nini wakwe. Nikamwambia wakwe si lazima wajue. Sheria ya mwaka 2008 inalinda siri ya mpimwaji. Mchumba ndiye mwenye haki ya kuambiwa. Ndoa imesogezwa mbele, na tarehe ya kurudia kupima tumeiandika nyuma ya kile cheti.