Chujio la maji kwa mpangaji: jua kwanza maji yako yana nini



Mwaka juzi mimi na mke wangu tulihamia nyumba ya kupanga huko Mbagala, vyumba viwili na jiko dogo, kwa mkataba wa miezi sita. Binti yetu alikuwa na umri wa miezi tisa, ndiyo kwanza ameanza kuzoea uji. Maji ya nyumba ile yalitoka katika kisima kirefu cha mwenye nyumba, yakapandishwa kwenye tangi la plastiki, na ladha yake ilikuwa ya chumvi. Mke wangu alikuwa akiyachemsha kila jioni, na mtungi wa gesi ukawa unakwisha kabla ya wakati wake. Nami, kwa kujiona mjuzi wa mahesabu kwa kuwa ndiye nitunzaye daftari la msikiti, nikaenda Kariakoo nikarudi na chujio dogo la kufungwa mdomoni mwa bomba. Muuzaji alinihakikishia kuwa linasafisha kila kitu. Nikamwambia mke wangu aache kuchemsha.

Wiki ya pili mtoto akaanza kuharisha. Usiku uliofuata macho yake yalikuwa yameingia ndani na analia bila machozi. Tulilazwa naye siku tatu, akinyweshwa maji ya chumvichumvi ya ORS kijiko kwa kijiko pamoja na vidonge vya zinki, mpaka Mwenyezi Mungu akamjaalia afya. Siwezi kuapa kwamba ni maji yale yaliyomdhuru, kwani mtoto wa umri ule hutia kila kitu kinywani. Lakini daktari aliniuliza swali moja ambalo sikuwa na jibu lake: "Kaka, hilo chujio lenu lina nini ndani?"

Nilipolifungua nilikuta punje za mkaa. Mkaa huo hutengenezwa maalumu, na kazi yake ni njema: huondoa harufu, rangi na ladha ya klorini. Hauondoi chumvi, na wenyewe peke yake si kinga ya kutegemewa dhidi ya vijidudu vya maradhi. Zaidi ya hayo, ukiinyonya klorini iliyotiwa na mamlaka ya maji, maji yanabaki bila mlinzi, na chujio lisilobadilishwa kwa wakati linaweza kuwa makazi ya vijidudu hivyo hivyo. Nilikuwa nimenunua dawa ya ugonjwa ambao maji yetu hayakuwa nao.

Mzee mmoja wa msikitini kwetu aliposikia kisa hiki alinihoji: "Katibu, maji haya tunayatawadhia kila siku, iweje yasifae kunywa?" Swali lake ni la haki na huulizwa na wengi. Mafakihi huyatazama maji kwa sifa tatu, rangi, ladha na harufu, ili kujua kama najisi imeyabadilisha. Maji ya kisima chenye chumvi yanatoharisha, na ya bahari pia yanatoharisha, lakini hakuna anayempa mwanawe maji ya bahari anywe. Bakteria wa kipindupindu hawabadilishi rangi, wala ladha, wala harufu. Kwa hiyo udhu wetu haukuhitaji chujio lolote. Kilichohitaji hadhari ni dumu moja tu la lita ishirini kwa siku, la kunywa na la uji wa mtoto. Jambo hili lilitupunguzia gharama sana, kwani tulikuwa tukifikiri tusafishe maji ya nyumba nzima.

Basi mpangaji na aanze kwa kuuliza maji yake yana kasoro gani. Afadhali aulize kabla hajampa dalali kodi yake ya mwezi: maji yanatoka wapi, tangi lina mfuniko, mara ya mwisho lilisafishwa lini? Maji yenye tope yaachwe yatuame, kisha yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa. Kitambaa si jambo la kudharau. Kule Bangladesh, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, wanawake waliochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa angalau mara nne walipunguza kipindupindu vijijini mwao kwa takriban nusu. Kanga zetu zilizochakaa zinaweza kufanya kazi kama hiyo, ila ni hatua ya mwanzo tu.

Kama kasoro ni chumvi, ndugu msomaji, usipoteze fedha. Kuchemsha hakuondoi chumvi, mkaa hauondoi, udongo wa kauri hauondoi. Mitambo inayoiondoa ipo, ile inayosukuma maji kwa nguvu kupita kwenye utando mwembamba mno. Lakini mara nyingi huhitaji umeme, huhitaji kutoboa ukuta wa mwenye nyumba, na humwaga lita kadhaa za maji kwa kila lita inayotoa. Kwa mkataba wa miezi sita huo ni mzigo. Sisi tuliamua kuchota maji ya kunywa kwa jirani mwenye bomba la DAWASA, na ya kisima yakabaki ya kuoshea na kutawadhia. Wenzetu wa Arusha na Kilimanjaro wana mtihani mwingine, madini ya floraidi yanayotia meno rangi ya kahawia. Nayo haiondoki kwa kuchemsha. Huko hutumika mkaa wa mifupa, na msomaji wa ukurasa huu atataka kujua ni mifupa ya mnyama gani. Ana haki ya kumuuliza muuzaji.

Kama kasoro ni vijidudu, na hata maji ya bomba huweza kuvipata pale mgao unapokatika na mabomba yaliyopasuka yakavuta uchafu wa ardhini, chujio ninalolipendekeza kwa mpangaji ni lile la ndoo mbili zilizopandana, lenye mshumaa wa kauri katika ndoo ya juu na bomba katika ya chini. Halitaki umeme, halitaki fundi, na siku ya kuhama linahama nawe. Vitundu vya kauri ni vidogo kiasi cha kuwazuia bakteria walio wengi pamoja na vimelea vya amiba. Kasi yake ni ndogo, lita moja au mbili kwa saa kwa mshumaa mmoja, basi lijazwe usiku. Mshumaa husuguliwa kwa brashi laini na maji safi bila sabuni, na hubadilishwa kwa muda ulioandikwa kwenye boksi lake. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, uutupe, kwani maji hupita ufani bila kuchujwa.

Virusi ni wadogo kuliko vitundu hivyo. Kwa sababu hiyo maji ya mtoto mchanga, ya mgonjwa, na ya kila mtu wakati wa mlipuko wa kipindupindu, bado yachemshwe yatokote kwa dakika moja kamili, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kuachwa nusu saa. Kuchemsha lita tatu za mtoto hakumalizi gesi kama kuchemsha ndoo nzima. Hesabu hiyo ningeifanya tangu mwanzo kama ningemshauri mke wangu badala ya kumwamuru.

Nyumba nyingi huharibu mwishoni. Maji yakishasafishwa hutiwa katika ndoo wazi, kila anayepita huchovya kikombe, na vidole vya watoto huchovywa pia. Chombo kiwe na mfuniko na bomba, nacho kioshwe kila wiki.

Binti yetu sasa anatembea. Tulipohama Mbagala, chujio la mdomoni mwa bomba nililiacha pale pale. Zile ndoo mbili mke wangu hakukubali zipandishwe nyuma ya gari pamoja na makabati. Alizipakata mwenyewe njia nzima, mshumaa ukiwa umefungwa ndani ya taulo.