Kompyuta mbili, laini moja: Akiba iliyo mikononi mwa mfanyabiashara mdogo

KOMPYUTA ya pili inapoingia katika nyumba au ofisi ndogo, wengi hununua modemu ya pili na kifurushi cha pili. Kwa mfanyabiashara wa kahawa au parachichi wa Moshi mjini, Marangu au Kibosho, hiyo ni gharama anayoweza kuiepuka.

Jambo hili si geni. Toleo la pili la Windows 98, lililotoka mwaka 1999, tayari lilikuwa na programu ya kugawana intaneti. Tatizo la wakati ule ni kwamba hapakuwa na kingi cha kugawana: modemu ya simu ya mezani ilipitisha kilobiti 56 tu kwa sekunde, na mawasiliano yetu na nje yalitegemea sana setilaiti hadi mkongo wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi Julai 2009. Leo kinachombana mkulima zaidi ni bei ya kifurushi.

Njia ziko mbili. Kwanza, kompyuta yenye intaneti inaweza kuigawia nyingine. Windows 10 na 11 zina sehemu ya kufanya hivyo kwenye mipangilio, na hakuna kifaa cha kununua iwapo kompyuta zote zina wi-fi. Kasoro ni moja: ya kwanza ikizimwa, ya pili nayo inakosa mtandao. Karani akifunga hesabu saa kumi jioni na kuzima, mwenye duka anayetaka kuona bei ya New York usiku ameachwa gizani.

Njia ya pili ni ruta ndogo inayotumia laini ya simu. Utaingia gharama mwanzoni, lakini hutumia umeme kidogo, kwa kawaida wati 10 au pungufu, na haimtegemei karani. Kwa biashara ya kila siku, nashauri ruta.

Mlimani kuna mambo yake. Ndani ya kihamba kimoja mara nyingi ipo nyumba ya baba na ya mwana, na katikati ni migomba na mibuni. Mawimbi ya wi-fi hufifia yakipita kwenye kuta nene na majani yaliyolowa, kwa hiyo msishangae masika yakiwasumbua. Ruta ikiwa na masafa mawili, chagueni gigahezi 2.4, yanayofika mbali kuliko 5. Ikishindikana, vuteni waya wa mtandao usiozidi mita 100. Ila waya wa nje ni njia ya radi: uchomoeni pande zote mbili mapema, kabla ngurumo hazijakaribia. Kompyuta mbili zikiungua kwa mpigo mmoja, akiba ya mwaka mzima imekwenda.

Akiba yenyewe ni kiasi gani? Tuchukue mfano wa ndugu wawili, kila mmoja akilipa Sh 30,000 kwa mwezi na kubakiwa na nusu ya kifurushi. Wakichangia kimoja, kila mmoja analipa Sh 15,000, na kwa mwaka anaokoa Sh 180,000.

Hesabu hiyo huharibika upesi. Kuangalia bei na kumwandikia mnunuzi barua pepe ni megabaiti chache. Saa moja ya mpira kwa picha safi yaweza kula gigabaiti nzima au zaidi. Na Windows ikijisasisha kwenye kompyuta zote mbili, mzigo uleule unaweza kupakuliwa mara mbili bila mtu kugusa kitu. Katika mipangilio ya wi-fi ya kila kompyuta, washa sehemu inayoieleza kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo. Masasisho mengi yatasubiri.

Ugomvi wa ndugu huanzia hapo, kifurushi kinapokwisha tarehe 12 na kila mmoja akidai si yeye. Ruta nyingi zina ukurasa unaoonyesha vifaa vilivyounganishwa, na baadhi huonyesha matumizi ya kila kimoja. Kubalianeni mapema nani atausoma, na atakayezidisha ataongeza kiasi gani.

Badilisheni pia nywila iliyokuja na ruta, hasa kama kompyuta moja ina daftari la malipo ya wakulima wa chama cha msingi. Jirani akiomba kuunganishwa kwa malipo, hilo ni jambo jingine: kuuza huduma ya intaneti kunahitaji leseni ya TCRA.