Kuchagua Shokapu za Kurekebishika kwa Gari la Kila Siku
Kabla ya kununua shokapu zinazorekebishika, tunamshauri mteja ajiulize: gari hupita barabara gani kila siku, na hubeba uzito gani? Ikiwa shokapu za awali zimechakaa tu, mpya za kawaida huenda zikatosha kwa gharama ndogo.

Marekebisho ni ya aina mbili: kimo cha gari na ugumu wa shokapu. Si kila seti inayo yote mawili. Muulize muuzaji kabla ya kulipa.

Gari lililoshushwa mno, likijaa abiria na mizigo, hukwaruza matuta kwa tumbo, na shokapu hugonga mwisho wake na kuharibika upesi. Ugumu uliopita kiasi nao huyarusha magurudumu kwenye barabara mbovu, na tairi iliyo hewani haisimamishi gari.

Chagua seti iliyotengenezwa kwa modeli ya gari lako na ambayo vipuri vyake hupatikana. Ikishafungwa, pima alaimenti ya magurudumu, kwani kubadili kimo hubadili pembe zake, na tairi huweza kulika upande mmoja. Mwisho, dai risiti na dhamana ya maandishi, viwe ushahidi wako ukihitaji kulalamika.