Jina Moja, Vipimo Vingi: Ulinganifu wa Vipuri katika Baiskeli ya Milimani

Utangulizi

Kiswahili kilipoipokea baiskeli hakikukosa maneno ya kuitajia. Usukani ulitolewa baharini, kwenye jahazi na mashua, ukapewa kazi ya nchi kavu. Mnyororo ulikuwapo tangu zamani. Meno ya gia yalitajwa kwa mfano wa meno ya kinywani. Palipokosekana neno la asili, lugha ilikopa na kutohoa: breki, tairi, rimu, spoki, pedali, gia. Kwa msamiati huo fundi na mteja wake wameelewana kwa miaka mingi, hasa kwa kuwa baiskeli iliyotawala barabara nyingi za Kenya ilikuwa ile kubwa nyeusi ya chuma, maarufu kwa jina la Black Mamba, ambayo vipimo vya vipuri vyake havikubadilika sana.

Baiskeli ya milimani imeuvuruga utulivu huo. Katika baiskeli hii, vipuri viwili vinaweza kuitwa kwa jina moja, vikafanana kwa macho, na bado visiweze kufanya kazi pamoja. Anayetegemea jina peke yake hupoteza fedha. Na katika suala la breki, anaweza kupoteza zaidi ya fedha. Makala haya yanaeleza ulinganifu wa vipuri vikuu vya baiskeli ya milimani, namna ya kuvitunza, na utaratibu wa busara wa kuviboresha. Hoja yake kuu ni kwamba kipuri hakijatajwa mpaka kipimo chake kitajwe.

Chimbuko la Baiskeli ya Milimani

Mchezo wa kuendesha baiskeli milimani ulipata umbo lake huko Marin, jimbo la California nchini Marekani, katika miaka ya 1970. Vijana wa huko walichukua baiskeli kuukuu zenye matairi manene wakawa wanashindana kuteremka mlimani. Shindano lao mashuhuri, lililoanza mwezi Oktoba 1976, liliitwa Repack. Jina hilo lenyewe linatokana na matunzo: breki za baiskeli hizo zilikuwa ndani ya habu ya nyuma, na katika mteremko mkali grisi iliungua ikatoka moshi, hivi kwamba baada ya kuteremka habu ililazimika kufunguliwa na kujazwa grisi upya. 

Mwaka 1977, Joe Breeze aliunda fremu iliyobuniwa mahususi kwa kazi hiyo. Mwaka 1996 mchezo huu uliingia katika Michezo ya Olimpiki mjini Atlanta. Tangu hapo kampuni zimekuwa zikishindana kubuni mifumo mipya, na kila mfumo mpya huja na vipimo vyake. Baiskeli za mitumba zinazouzwa Afrika Mashariki huwa za miaka tofauti tofauti, na aghalabu hazina kitabu cha maelezo. Mwenye baiskeli ya namna hiyo hana budi kuisoma baiskeli yenyewe.

Magurudumu: Homonimu na Visawe

Wanafunzi wa isimu wanafahamu kwamba homonimu ni maneno yenye umbo moja na maana tofauti, na kwamba visawe ni maneno tofauti yenye maana moja au zilizokaribiana. Dhana hizo mbili zinaonekana waziwazi ubavuni mwa tairi.

Chukua tairi ya inchi 26. Tairi iliyoandikwa 26 x 2.1 huvalishwa rimu ambayo kipenyo chake, pale tairi inapokalia, ni milimita 559. Iliyoandikwa 26 x 1 3/8 huhitaji rimu ya milimita 590. Zote mbili ni "inchi 26", lakini hakuna nguvu za fundi zitakazoikalisha moja mahali pa nyingine. Tofauti inafichwa na jambo dogo la maandishi: kipimo kimoja kimeandikwa kwa desimali, kingine kwa sehemu. Hiyo ni homonimu kamili.

Upande wa visawe, tairi ya inchi 29 ya baiskeli ya milimani hukaa kwenye rimu ya milimita 622, na rimu hiyo hiyo kwenye baiskeli za barabarani huitwa 700C. Kadhalika, inchi 27.5 na 650B ni majina mawili ya kipenyo cha milimita 584. Ajabu zaidi ni kwamba Black Mamba hutumia tairi ya inchi 28 yenye kipenyo cha milimita 635. Inchi 28, basi, ni kubwa kuliko inchi 29 pale tairi inapokalia rimu.

Dawa ya mkanganyiko huu ipo, nayo ni namba za mfumo wa kimataifa wa ISO zinazoandikwa kwa milimita ubavuni mwa tairi, kwa mfano 54-559 au 40-635. Namba ya kwanza ni upana wa tairi. Ya pili ni kipenyo cha rimu. Namba ya pili lazima iwe ile ile kwa tairi na rimu. Ya kwanza inaweza kubadilika kidogo, mradi tairi isikwaruze fremu wala uma wa mbele. Anayenunua tairi na atamke namba hizo, si inchi.

Mfumo wa Gia: Suala la Upatanisho

Katika sarufi ya Kiswahili, nomino huamuru sentensi nzima. Ukisema "kitabu changu kizuri kimepotea" kisha ukaondoa kitabu na kuweka kalamu, kila kiambishi kinachofuata sharti kibadilike. Mfumo wa gia nao una upatanisho wake. Kaseti, yaani fungu la magurudumu ya meno yaliyo kwenye habu ya nyuma, huamuru mnyororo, deraila inayouhamisha mnyororo huo, na kibadilishi gia kilicho kwenye usukani.

Tukianza na mnyororo, urefu wa kila pingili ni ule ule katika takriban baiskeli zote: nusu inchi, yaani milimita 12.7. Kinachotofautiana ni upana. Kadiri gia za nyuma zinavyoongezeka ndivyo nafasi kati ya magurudumu ya meno inavyopungua, na mnyororo nao hukonda. Mnyororo wa gia 8 una upana wa nje wa takriban milimita 7. Wa gia 12 ni zaidi kidogo ya milimita 5. Mnyororo mpana kwenye kaseti ya gia nyingi hukwaruza gurudumu la jirani.

Deraila na kibadilishi gia vinaunganishwa na waya. Kila mbofyo wa kibadilishi huvuta waya kwa kiasi maalumu, na deraila husogea kwa kiasi kinachotokana na mvuto huo. Kampuni za Shimano na SRAM hazikukubaliana juu ya uwiano huo. Kwa hiyo kibadilishi cha Shimano cha gia 9 hakipatani na deraila ya SRAM iliyoundwa kwa uwiano wa moja kwa moja, ingawa zote zimeandikwa "gia 9". Hata ndani ya kampuni moja pana mitego: Shimano ilipoingiza gia 10 kwenye baiskeli za milimani, ilibadilisha uwiano, na deraila hizo hazikupatana tena na vibadilishi vya gia 10 vya barabarani.

Habu nayo ina neno lake. Kaseti za Shimano za gia 8, 9 na 10 huvalishwa mwili wa habu wa aina moja. Mwaka 2012 SRAM ilileta mwili wa aina ya XD, na mwaka 2018 Shimano ikaleta Micro Spline, ili kuruhusu gurudumu dogo la meno 10 badala ya 11. Kaseti iliyotengenezwa kwa aina moja haiingii kwenye nyingine. Pia, baiskeli nyingi za bei nafuu hazina kaseti kabisa. Zina friwili, ambayo hufungwa kwa hesi kwenye habu. Ni muhimu kujua tofauti hiyo kabla ya kununua chochote.

Breki: Mahali pa Kutofanya Majaribio

Breki za rimu za aina ya V huhitaji mkono wa breki unaovuta waya mrefu, takriban mara mbili ya mkono wa breki za kantileva za zamani. Mkono wa kantileva ukifungwa kwenye breki za V, huweza kufika kwenye usukani kabla pedi hazijabana rimu sawasawa. Kinyume chake, mkono wa breki za V kwenye kantileva huonekana mgumu na imara mkononi, ilhali nguvu inayoifikia rimu ni ndogo. Kosa hili la pili ni la hatari zaidi kwa sababu humdanganya mwendeshaji.

Breki za diski zinazotumia mafuta zina sharti zito zaidi. Breki za Shimano na Magura hutumia mafuta ya madini. Breki nyingi za SRAM na za Hope hutumia mafuta ya daraja la DOT, jamii ile ile inayotumika kwenye magari. Mafuta haya mawili hayabadilishani. Kuweka mafuta ya gari kwenye breki zilizoundwa kwa mafuta ya madini huharibu vizibo vya mpira vilivyomo ndani. Vikivimba au kuoza, breki hufa, pengine katikati ya mteremko. Kwa bahati mbaya, mafuta ya DOT ndiyo yanayopatikana kwa urahisi katika kila duka la vipuri vya magari, nayo yote huitwa kwa jina moja tu: mafuta ya breki.

Ndani ya jamii ya DOT yenyewe namba hupotosha. DOT 4 na DOT 5.1 zina asili moja ya kikemikali. DOT 5, ambayo mtu angedhani iko kati yao, ni ya silikoni, wala haichanganywi nazo. Maandishi yaliyo kwenye mkono wa breki au kifuniko cha tangi lake ndiyo yanayopaswa kufuatwa.

Matunzo ya Kila Siku

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika baiskeli ufa huo ni mnyororo. Kadiri pini zake zinavyolika ndivyo mnyororo unavyorefuka, na mnyororo uliorefuka hula meno ya kaseti. Kipimo chake hakihitaji chombo cha ghali. Rula ya inchi yatosha. Mnyororo mpya ukipimwa kutoka katikati ya pini moja, inchi 12 kamili huangukia katikati ya pini nyingine. Pini hiyo ikipita alama kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, wakati wa kuubadilisha mnyororo umewadia. Ikipita kwa sehemu moja ya nane, kwa kawaida kaseti nayo imekwisha kulika, na mnyororo mpya utaruka juu yake.

Mnyororo usafishwe na kukaushwa kwanza, kisha utiwe tone moja la mafuta kwa kila pingili, na mafuta ya ziada yapanguswe kwa kitambaa. Mafuta mengi yakiachwa nje hushika vumbi, na vumbi likichanganyika na mafuta huwa kama msasa. Diski za breki, kwa upande mwingine, zisiguswe na mafuta hata kidogo.

Anayefungua pedali akumbuke kwamba pedali ya kushoto ina hesi ya kushoto: hufunguliwa kwa kuzungushwa upande wa saa unakokwenda. Mikono mingi ya pedali imeharibika kwa sababu mtu alidhani pedali imeshika kutu, kumbe alikuwa akiikaza.

Kuboresha kwa Mpango

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hii inawafaa waendeshaji wanaovutiwa na kila kipuri kinachotolewa. Mtu mwenye kaseti ya gia 9 anayetamani gia 12 hanunui kaseti peke yake. Hununua pia mnyororo, deraila, kibadilishi, na pengine habu mpya au gurudumu zima la nyuma. Gharama hiyo huweza kuishinda thamani ya baiskeli yenyewe.

Utaratibu wa busara huanza pale baiskeli inapogusana na ardhi. Tairi nzuri, yenye upana unaoruhusiwa na fremu na upepo wa kiasi kinachofaa, hubadilisha mwendo kuliko kipuri kingine chochote cha bei yake. Zifuate breki: pedi mpya, waya mpya, au mafuta mapya ya aina sahihi. Kisha vije vile vinavyogusana na mwili, yaani kiti, pedali na vishikio. Gia ziboreshwe wakati mnyororo na kaseti vimekwisha kulika, kwa maana wakati huo fedha zingetumika hata hivyo. Uma wa mbele uachwe mwisho. Uma mrefu kuliko ule uliokusudiwa huinua mbele ya baiskeli, hubadilisha tabia ya usukani na kuitwika fremu mzigo isioundwa kuubeba.

Hitimisho

Mafundi wengi hawakuyajua haya vitabuni. Wameyajua kwa mikono, kwa kukosea na kurekebisha. Ujuzi huo umehifadhiwa katika lugha ya mazungumzo, na lugha hiyo hutaja kipuri kwa jina kisha humaliza kwa ishara ya kidole: "ile kama hii." Ishara hiyo ilitosha enzi ya Black Mamba. Leo haitoshi.

Kamusi ya jumla hueleza maana ya neno "mnyororo", na hapo kazi yake imekwisha. Orodha ya istilahi za ufundi yapaswa kwenda mbali zaidi: itaje upana, idadi ya gia na vipuri vinavyopatana na mnyororo huo. Wanafunzi wa Kiswahili wanaotafuta mada ya utafiti wa istilahi wanaweza kuanzia kwenye kibanda cha fundi baiskeli aliye karibu na lango la chuo, daftari mkononi na rula ya inchi mfukoni. Mwendeshaji naye aweke daftari lake: namba za tairi kwa milimita, idadi ya gia, aina ya mwili wa habu, na aina ya mafuta ya breki. Kurasa mbili zatosha, na safari ijayo ya kwenda dukani haitategemea kubahatisha.